Uaminifu wa Mahali: Uwekaji wa Makabrasha ya Kuaminika katika Matumizi ya Pamoja ya Hifadhidata kwenye Ofisi Ndogo za Wazo, Dar es Salaam

Ikisiri

Makala haya yanafafanua namna makabrasha ya kuaminika yanavyowekwa katika programu ya Microsoft Access pale ambapo hifadhidata moja inatumiwa na watu kadhaa katika ofisi ndogo. Mazingira yanayozingatiwa ni ya kata ya Wazo na maeneo mengine ya pembezoni mwa Dar es Salaam, ambako ofisi nyingi ndogo hutunza kumbukumbu zake kwa kompyuta chache bila kuwa na mtaalamu wa kudumu wa TEHAMA. Hoja kuu ni kwamba kabrasha la kuaminika halithibitishi usalama wa faili. Kinachofanyika ni kuhamisha swali la usalama kutoka kwenye faili na kulipeleka kwenye haki ya kuandika ndani ya kabrasha. Kwa hiyo inapendekezwa kuwa kabrasha linaloaminiwa liwe ndani ya kompyuta ya mtumiaji, liwe finyu, na lijazwe upya kila mara kutoka kwenye chanzo ambacho msimamizi pekee ndiye anayeweza kukibadili.

1.0 Utangulizi

Wazo ni kata iliyopo kaskazini mwa Manispaa ya Kinondoni, kando ya Barabara ya Bagamoyo. Jina lake linajulikana zaidi kutokana na kilima chenye mawe ya chokaa na kiwanda cha saruji kilichoanza uzalishaji mwaka 1966. Kadiri jiji linavyotanuka kuelekea Tegeta, Madale na Bunju kwa upande mmoja, na kuelekea Mbagala katika Temeke kwa upande mwingine, ndivyo huduma zinavyowafuata wakazi: zahanati, shule, maduka ya dawa, vyama vya akiba na mikopo. Kila huduma huja na orodha zake za watu, na kila orodha huhitaji mahali pa kutunzwa.

Kwa ofisi yenye kompyuta tatu au nne, hifadhidata ya Microsoft Access imekuwa jibu la kawaida. Programu hii, iliyotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1992, haihitaji seva ya gharama kubwa. Mtu mmoja mwenye ujuzi wa wastani anaweza kujenga majedwali, fomu na ripoti, kisha akawapa wenzake. Ugumu huanza pale anapowapa wenzake. Faili lililofanya kazi vizuri kwenye kompyuta ya mjenzi hufunguka kwenye kompyuta ya pili likiwa na upau wa manjano wa onyo, vitufe visivyoitika na ripoti zisizokamilika. Makala haya yanaeleza chanzo cha hali hiyo, namna ya kuiondoa, na gharama ya kiusalama ya kila namna.

2.0 Usuli wa Tatizo

2.1 Mfano wa kitaifa: hifadhidata ya CTC2

Uzito wa suala hili unaonekana vema katika sekta ya afya. Tanzania ilipoanza mpango wa kitaifa wa tiba na matunzo kwa watu wanaoishi na VVU mwaka 2004, kumbukumbu ziliandaliwa kwa ngazi: kadi ya CTC1 hubaki kwa mgonjwa, na rekodi ya CTC2 hubaki kliniki. Ili kurahisisha utoaji wa taarifa, rekodi za CTC2 ziliingizwa katika hifadhidata iliyojengwa kwa Microsoft Access, ambayo imetumika katika kliniki nyingi nchini. Kwa hiyo programu ambayo mara nyingi hudhaniwa kuwa ya shughuli ndogondogo za ofisi imebeba taarifa ambazo kuvuja kwake kunaweza kumvunjia mtu ndoa, kumnyima kazi au kumfanya aache tiba.

Sheria imelitambua jambo hilo. Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti UKIMWI, Namba 28 ya mwaka 2008, inataka taarifa za hali ya VVU za mtu zitunzwe kwa siri. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Namba 11 ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, imepanua wajibu wa kulinda taarifa kwa wote wanaokusanya na kuchakata taarifa za watu, ikiwa ni pamoja na shule na vyama vya mikopo. Maelezo yanayofuata hayahusu kituo chochote mahususi. Mfano wa CTC2 umetajwa ili kuonesha kwamba uamuzi mdogo wa kiufundi kuhusu kabrasha una mtu halisi nyuma yake.

2.2 Chimbuko la onyo

Faili la Access lina majedwali, lakini pia linaweza kubeba makro na msimbo wa Visual Basic, yaani maagizo yanayotekelezwa na kompyuta. Maagizo hayo yanaweza kukokotoa tarehe ya mahudhurio yajayo, na yanaweza vilevile kufuta mafaili yote ya mtumiaji. Hatari hii ilidhihirika kupitia nyaraka za Word: kirusi cha Concept kilisambaa mwaka 1995, na kirusi cha Melissa mwezi Machi 1999 kikajisambaza kwa baruapepe duniani kote kwa kutumia makro. Katika toleo la Office la mwaka 2007, Microsoft ilileta kituo kimoja cha mipangilio ya uaminifu, na ndani yake dhana ya mahali pa kuaminika. Mwaka 2022 kampuni hiyo ilichukua hatua nyingine ya kuzuia moja kwa moja makro za mafaili yaliyotoka kwenye intaneti.

3.0 Dhana ya Kabrasha la Kuaminika

Kabrasha la kuaminika ni mahali ambapo mtumiaji au msimamizi ameiambia programu kwamba kila faili lililomo lifunguliwe bila kukaguliwa. Programu haichunguzi faili limeandikwa na nani, limebadilishwa lini wala lina msimbo gani. Huangalia njia ya faili tu: ikiwa njia hiyo imo katika orodha, msimbo wote unaruhusiwa.

Hali hiyo inafanana na mlinzi wa lango aliyeagizwa asimkague yeyote anayepitia mlango wa nyuma, kwa kuwa mlango huo ni wa wenyeji. Agizo hilo lina maana iwapo wenye ufunguo wa mlango wa nyuma ni wachache na wanajulikana. Ufunguo ukiwa mikononi mwa kila mtu, mlinzi wa mlango wa mbele hana kazi. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Katika muktadha huu, nguo ni kabrasha lenyewe.

Dhana hii itofautishwe na ile ya faili la kuaminika. Mtumiaji anapobofya kitufe cha kuruhusu maudhui kwenye upau wa manjano, programu hukumbuka uamuzi wake kwa faili hilo mahali lilipo. Faili likihamishwa au likipewa jina jipya, onyo hurudi. Ofisi inayosambaza toleo jipya lenye jina jipya kila mwezi hujikuta ikiwafundisha watumishi wake kubofya ruhusa bila kusoma. Mazoea hayo ni hatari kubwa kuliko kabrasha lililowekwa kwa uangalifu, kwa sababu siku faili la ulaghai litakapofika, kidole kitakuwa kimekwisha kuzoea.

4.0 Kinachotokea Faili Lisipoaminiwa

Faili lisiloaminiwa halikatai kufunguka. Hufunguka katika hali ya kuzuiwa, ambapo msimbo wa Visual Basic, makro zinazohesabiwa kuwa si salama, na maulizo yanayobadili data hayatekelezwi. Majedwali, hata hivyo, huonekana, na fomu zilizofungamanishwa na majedwali huendelea kupokea maandishi.

Hapa ndipo penye hatari isiyoonekana kwa urahisi. Ichukuliwe fomu ya kusajili wagonjwa ambayo msimbo wake hukagua kwamba namba ya mgonjwa haijatumika na kwamba tarehe ya kuzaliwa haiko mbele ya leo. Karani anayeifungua katika hali ya kuzuiwa anaweza kuandika siku nzima bila ukaguzi huo kufanyika, na asione kosa lolote. Mwisho wa mwezi wagonjwa wawili hukutwa na namba moja, na historia ya dawa za mmoja ikaandikwa kwa mwingine. Kosa hilo hutafutwa kwa karani, ilhali chanzo chake ni mpangilio wa kompyuta.

Kutokana na hali hiyo, ukaguzi wa msingi haupaswi kutegemea msimbo pekee. Kanuni ya upekee wa namba na kanuni ya uhalali wa tarehe ziwekwe ndani ya jedwali lenyewe, kwa kuwa huko husimamiwa na injini ya hifadhidata bila kujali kama faili limeaminiwa au la. Msimbo wa fomu uwe nyongeza ya ulinzi huo.

Katika maeneo ya pembezoni kuna jambo jingine linalowatatanisha watumiaji. Faili lililopokelewa kwa baruapepe au kupakuliwa kutoka intaneti huwekewa na Windows alama iliyofichika inayoonesha asili yake, na tangu mabadiliko ya mwaka 2022 alama hiyo inaweza kuzuia makro kabisa, bila kumpa mtumiaji kitufe cha kuruhusu. Alama hiyo hutunzwa na mfumo wa mafaili wa NTFS. Faili likipitia flashi iliyoandaliwa kwa mfumo wa FAT32, alama hupotea. Matokeo yake ni kwamba faili lilelile hukataa kwenye kompyuta iliyolipokea kwa baruapepe na hukubali kwenye kompyuta iliyolipokea kwa flashi. Tofauti hiyo haioneshi kwamba flashi ni salama zaidi. Inaonesha tu kwamba ushahidi wa asili ya faili umepotea njiani.

5.0 Mahali Panapofaa Kuaminiwa

5.1 Kugawa hifadhidata

Kabla ya kuamua kabrasha, hifadhidata inayotumiwa na wengi sharti igawanywe sehemu mbili. Sehemu ya nyuma hubeba majedwali pekee na hukaa kwenye kompyuta inayofanya kazi ya seva. Sehemu ya mbele hubeba fomu, maulizo, ripoti na msimbo, na kila mtumiaji huwa na nakala yake. Watu wawili kufungua sehemu ya mbele moja kupitia mtandao ni chanzo cha kawaida cha kuharibika kwa faili, hasa umeme unapokatika au mtandao usiotumia waya unapoyumba katikati ya uandishi.

Mgawanyo huu unarahisisha suala la uaminifu. Msimbo umo katika sehemu ya mbele, kwa hiyo kabrasha linalohitaji kuaminiwa ni lile la sehemu ya mbele. Kabrasha la sehemu ya nyuma linahitaji kitu tofauti: haki za kusoma, kuandika, kuunda na kufuta kwa watumiaji waliotajwa, kwa kuwa Access huunda humo faili dogo la kufuli la aina ya laccdb na kulifuta mtumiaji wa mwisho anapotoka.

5.2 Kabrasha la mtandao au la kompyuta ya mtumiaji

Njia nyepesi, ambayo wengi huivutiwa nayo, ni kuliamini kabrasha la mtandao mara moja. Programu yenyewe huhitaji chaguo la ziada liruhusiwe kabla ya kukubali mahali pa mtandao, na huonya kwamba jambo hilo halishauriwi. Sababu yake inafuata moja kwa moja kutoka katika sehemu ya 3.0. Kabrasha la mtandao linaloandikwa na watumiaji wote likiaminiwa na kompyuta zote, mtumiaji mmoja aliyeambukizwa anaweza kuweka humo faili ambalo msimbo wake utatekelezwa bila onyo kwenye kompyuta ya yeyote atakayelifungua.

Kabrasha la ndani ya kompyuta hupunguza hatari hiyo kwa kuwa anayeweza kuandika humo ni mwenye akaunti. Hata hapa uteuzi unahitaji uangalifu. Kabrasha linaloundwa moja kwa moja kwenye mzizi wa diski C kwa kawaida hurithi haki zinazowaruhusu wenye akaunti wote wa kompyuta hiyo kubadili yaliyomo. Palipo na kompyuta moja inayotumiwa kwa zamu na watumishi watatu, kabrasha la namna hiyo ni la watu watatu. Inafaa zaidi kabrasha liundwe ndani ya eneo la data ya programu la kila mtumiaji, ambalo Windows hulitambua kwa jina la %LOCALAPPDATA%. Mahali pa upakuaji, eneo-kazi na kabrasha kuu la nyaraka havifai kabisa, kwa kuwa ndiko mafaili ya kigeni yanakofikia kwanza.

6.0 Hatua za Uwekaji

Utaratibu unaopendekezwa una hatua zifuatazo.

(i) Msimamizi aweke nakala kuu ya sehemu ya mbele kwenye seva, katika kabrasha ambalo watumiaji wanaweza kulisoma lakini hawawezi kuliandika. Nakala hiyo iwe ya aina ya accde, ambayo msimbo wake umekusanywa na hauwezi kuhaririwa. Aina hii huzuia uhariri tu, na bado huhitaji kuaminiwa.

(ii) Kwa kila akaunti, liundwe kabrasha moja ndani ya %LOCALAPPDATA% lisilotumika kwa jambo jingine lolote.

(iii) Kabrasha hilo liandikishwe kama mahali pa kuaminika. Penye Access kamili, hili hufanyika kupitia menyu ya faili, chaguo za programu, kisha kituo cha uaminifu. Chaguo la kuamini makabrasha madogo yaliyomo ndani liachwe bila kuwekwa alama.

(iv) Penye toleo la bure la kuendeshea hifadhidata pekee, menyu hizo hazipo. Hapo uandikishaji hufanywa katika rejista ya Windows, chini ya HKEY_CURRENT_USER\Software\Microsoft\Office\16.0\Access\Security\Trusted Locations, kwa kuunda ufunguo mpya wenye thamani ya Path inayobeba njia ya kabrasha. Njia yenye jina la %LOCALAPPDATA% huandikwa kwa aina ya thamani inayopanuliwa, yaani REG_EXPAND_SZ. Thamani ya Description inaweza kubeba maelezo mafupi ya Kiswahili ili msimamizi ajaye ajue sababu ya kuwepo kwake.

(v) Namba ya toleo izingatiwe. Office 2007 hutumia 12.0, Office 2010 hutumia 14.0, Office 2013 hutumia 15.0, na matoleo ya 2016, 2019, 2021 na Microsoft 365 hutumia 16.0. Katika ofisi iliyonunua kompyuta zake kwa nyakati tofauti, mafanikio kwenye kompyuta moja na kushindwa kwenye nyingine mara nyingi hutokana na namba hii.

(vi) Mtumiaji apewe ikoni ya mkato inayoendesha agizo fupi la kunakili sehemu ya mbele kutoka kwenye seva kwenda kwenye kabrasha lake, kisha kuifungua. Kila asubuhi atapata toleo jipya, na badiliko lolote lililofanywa kwenye nakala yake, liwe la bahati mbaya au la hila, litafutwa na nakala safi.

Ikumbukwe kwamba tawi la rejista lililotajwa ni la mtumiaji na si la kompyuta. Karani mpya akifunguliwa akaunti yake, hatua ya pili na ya tatu hurudiwa kwake. Taasisi zenye mtandao unaosimamiwa na seva kuu zinaweza kusambaza mpangilio huu kwa sera za kikundi, na kuwazuia watumiaji kuongeza mahali pengine pa kuaminika. Ofisi nyingi ndogo hazina miundombinu hiyo, na ndiyo sababu utaratibu wa mkono umeelezwa hapa.

7.0 Mipaka ya Utaratibu Huu

Utaratibu uliopendekezwa una udhaifu ambao hauna budi kutajwa. Kwanza, kabrasha la kuaminika haliwezi kufungwa kabisa dhidi ya uandishi wa mwenye akaunti, kwa kuwa nakala mpya na faili la kufuli huundwa humo. Programu hasidi inayoendeshwa kwa haki za mtumiaji huyo inaweza kuandika humo pia, na inaweza hata kuongeza mahali papya katika rejista. Kabrasha la kuaminika haliwi mbadala wa kinga dhidi ya virusi, wala wa kuwanyima watumiaji wa kawaida akaunti za msimamizi.

Pili, uaminifu unahusu utekelezaji wa msimbo. Hauhusu usiri wa data. Sehemu ya nyuma inaweza kusimbwa kwa nywila, lakini majedwali yanapounganishwa, nywila hiyo huhifadhiwa ndani ya sehemu ya mbele, ambako mjuzi anaweza kuisoma. Kwa hiyo sehemu ya mbele ni ufunguo, na kuituma kwa simu kwa mtumishi aliye nyumbani ni sawa na kutuma ufunguo wa kabati la mafaili ya wagonjwa. Mtumishi anapohama, kabrasha lake lifutwe, haki yake kwenye seva iondolewe, na nywila ibadilishwe.

Tatu, Access yenyewe ina kikomo. Faili moja halizidi ukubwa wa gigabaiti 2, na ingawa watumiaji 255 wanaruhusiwa kinadharia, utendaji hushuka mapema zaidi. Ofisi inayokua itafika mahali ambapo majedwali yatahitaji kuhamishiwa kwenye seva halisi ya hifadhidata yenye udhibiti wa kila mtumiaji. Mgawanyo uliofanywa mapema hurahisisha uhamisho huo.

8.0 Hitimisho

Makala haya yameonesha kuwa onyo linalotokea wakati wa kushirikiana hifadhidata haliondolewi ipasavyo kwa kushusha kiwango cha usalama cha programu nzima, wala kwa kuwazoeza watumiaji kubofya ruhusa. Kabrasha la kuaminika ni suluhisho halali iwapo linawekwa pale ambapo idadi ya wanaoweza kuandika ni ndogo na inajulikana. Swali ambalo msimamizi anapaswa kujiuliza kabla ya kuongeza njia yoyote katika orodha ni moja: ni nani anayeweza kuweka faili hapa? Asipoweza kuwataja kwa majina, mahali hapo hapastahili kuaminiwa.

Inapendekezwa kwamba mafunzo ya makarani wa takwimu katika zahanati na ofisi ndogo yajumuishe utambuzi wa upau wa onyo na athari za hali ya kuzuiwa, na kwamba kila ofisi itunze kwenye karatasi orodha ya makabrasha yanayoaminiwa, akaunti zilizowekewa na tarehe ya uwekaji. Utafiti zaidi unaweza kufanywa kulinganisha ubora wa data kati ya hifadhidata ambazo ukaguzi wake umewekwa katika majedwali na zile zinazotegemea msimbo wa fomu, kwa kuwa tofauti hiyo humgusa moja kwa moja mgonjwa, mwanafunzi au mwanachama ambaye jina lake limo katika jedwali.